Dawa ilifika salama. Namba yangu ya kitambulisho je?

Nianze na hukumu, maana najua wengi hamfiki mwisho wa maandishi marefu: huduma ni nzuri, wauguzi ni waungwana, mzigo unafika, bei haiumizi. Nyota tatu na nusu kati ya tano. Ile moja na nusu nimeizuia kwa ajili ya makaratasi, na makaratasi ndiyo nitakayoyasema kwa kirefu, kwa kuwa kwa watu wa aina yangu karatasi inauma kuliko sindano.

Jina la huduma yenyewe silitaji. Ni moja kati ya hizi za kuagiza kwa simu: vipimo vya kujipima VVU, dawa za PrEP (zile za kumkinga asiye na VVU asiambukizwe), kondomu na vilainishi. Unachati na muuguzi, kijana wa boda anakuletea. Anayeihitaji ataulizia pale tunapouliziana siku zote. Nikiliandika jina, wapo wanaopitia maandishi kama haya kwa nia nyingine kabisa, na wale wauguzi wana watoto wa kupeleka shule.

Mimi ni fundi cherehani hapa Mtwapa, karibu na Mombasa. Nashona madera, magauni ya maharusi, na ikifika Januari ni sare za shule usiku na mchana. Ni kuchu, yaani mwanamume anayependa wanaume, na mtaa unajua bila kuambiwa. Hakuna anayeniuliza, nami simwambii mtu, siku zinakwenda. Utaratibu huo una raha yake, lakini unavunjika siku ile jambo linapoandikwa mahali likasomwa na asiyehusika.

Mtu wa mbali anaweza kushangaa kwa nini mzee kama mimi ahangaike na simu wakati zahanati zipo. Waliokuwa Mtwapa Februari 2010 hawashangai. Uvumi ulienea kwamba kuna harusi ya wanaume wawili. Watu wakajaa barabarani, wakaelekea kwenye kituo cha KEMRI, taasisi ya serikali ya utafiti wa tiba, kilichokuwa kikitoa huduma za VVU, wakidai humo ndimo mashoga wanamotibiwa. Watu walipigwa, na waliookolewa na polisi waliokolewa kwa kupelekwa kituo cha polisi. Harusi yenyewe haikuwapo. Mpaka leo kuna wenzangu wa rika langu ambao hawaingii lango la kliniki yoyote yenye kibao kinachotaja Ukimwi, hata kama wamekonda wanaisha.

Halafu kuna la Ukunda, ng'ambo ya pili ya kivuko. Mwaka 2015 wanaume wawili walikamatwa huko Kwale, wakaletwa hospitali ya umma mjini Mombasa, wakapimwa kwa nguvu sehemu za haja kubwa ili eti ipatikane dalili ya kosa. Mahakama Kuu ya Mombasa mwaka 2016 ikaona hapana ubaya. Wakakata rufaa, na tarehe 22 Machi 2018 Mahakama ya Rufani ikasema vipimo vile vilivunja haki zao. Nilifurahi kama kila mtu. Lakini aliyevaa glavu siku ile hakuwa askari, alikuwa mhudumu wa afya. Ukishalijua hilo, muuguzi unayeongea naye kwa maandishi, ambaye hawezi kukugusa, anaanza kuwa na mvuto wake.

Kwa miaka kadhaa tulikuwa na kituo chetu, nyumba ya kawaida isiyo na kibao, yenye muuguzi, mshauri, na waelimishaji rika waliokuwa wakizunguka usiku na mikoba yao ya kondomu. Januari 2025 serikali ya Marekani ikasimamisha misaada yake ya nje. Februari ikatoka ruhusa ya kuendelea na baadhi ya huduma za VVU, ila PrEP kwa fedha zao ikabaki kwa wajawazito na wanaonyonyesha tu. Mimi si mjamzito. Kituo kikafunga mlango, waelimishaji rika wakarudi kuuza mitumba na viazi karai, na mimi nikapewa namba ya hii huduma ya simu na mmoja wao.

Basi, huduma yenyewe.

Unaanza kwa kutuma neno kwenye WhatsApp, roboti inakupokea. Roboti ni roboti. Niliiambia nataka kujua kama PrEP inaweza kuchanganywa na dawa yangu ya presha, ikanijibu kwa orodha ya maduka yaliyo karibu. Ukiandika "mtu" inakupisha kwa binadamu, na hapo ndipo mambo yanapopendeza. Muuguzi aliyenipokea alianza hivi: "Kaka, nitakuuliza maswali ya ndani kidogo. Lolote usilotaka kulijibu niandikie 'ruka', sitakasirika." Akaniuliza dawa ninazokunywa, kama nina shida ya figo, kama nimewahi kupimwa homa ya ini aina ya B. Akaniuliza nafanya nini kitandani na kwa namna gani, kwa maneno ya kawaida kabisa, kama anayeniuliza naumwa wapi. Sikuandika "ruka" hata mara moja, na mimi ni mtu wa kuficha.

Linganisha na zahanati moja nisiyoitaja, niliyokwenda na kisonono zamani kidogo, nikaambiwa nirudi na mke wangu ndipo tutibiwe wote wawili. Nilirudi na shangazi ya jirani yangu, akalipwa nauli na soda. Aliigiza vizuri kuliko nilivyotarajia, mpaka akanigombeza mbele ya daktari.

Kipimo kilikuja kwanza, kwa kuwa PrEP haianzwi kabla ya kujua hali yako. Ni kile cha OraQuick, cha kupangusa fizi, kisicho na damu. Ndani ya pakiti kuna kijiti chenye kitambaa bapa na kichupa cha maji maalumu. Unapitisha kijiti mara moja kwenye ufizi wa juu na mara moja ufizi wa chini, unakitumbukiza kichupani, unangoja dakika 20, na usisome baada ya dakika 40. Mstari mmoja penye herufi C maana yake hakuna kilichoonekana. Miwili, hata wa pili ukiwa hafifu kama uzi, unatakiwa uende ukahakikishiwe kituo cha afya kwa kipimo kingine. Uliyefanya jambo la hatari ndani ya miezi mitatu iliyopita, rudia baadaye. Na uliyekwisha kuanza ARV, dawa za kupunguza makali ya VVU, usikitumie, kinaweza kukudanganya.

Karatasi ya maelekezo ilikuwa na Kiswahili safi na picha kubwa. Muuguzi aliniambia atakaa nami kwenye mazungumzo wakati nangoja, nikipenda. Nikapenda. Tukaongea habari za mwanawe anayekataa kula mboga. Hizo dakika 20 nimezipitia peke yangu siku za nyuma, na nasema kwa dhati kwamba hapa wamestahili nyota zao. Hakuna kliniki iliyowahi kunipa mtu wa kupiga naye soga huku nikitazama kijiti.

Mzigo unakuja kwenye mfuko wa khaki, hauna nembo, umebandikwa tarakimu tu. Ujumbe wa M-Pesa unaonyesha jina la biashara ambalo ungeweza kudhani ni duka la vyombo. Hilo wamelifikiria, na naliheshimu, maana mtu mwenye mke au mume anayekagua M-Pesa anajua ninachosema. Unaweza pia kuchagua kuchukua mwenyewe kwenye duka la dawa walilokubaliana nalo, unataja tarakimu zako, unapewa mfuko, unaondoka. Nilijaribu. Tarakimu zilifanya kazi vizuri, ila binti wa kaunta akatoa daftari kubwa jekundu akaniomba jina na namba ya simu "kwa rekodi za duka". Nikamwandikia jina la mwalimu wangu wa darasa la nne, Mungu amrehemu.

Sasa tuingie penye uchungu.

Ili kuagiza PrEP walinitaka jina kamili, tarehe ya kuzaliwa, namba ya kitambulisho, picha ya kitambulisho mbele na nyuma, na picha ya uso wangu nikiwa nimekishika kitambulisho hicho kidevuni. Kisha ukurasa unaofuata unauliza unalala na nani, na kuna visanduku vya kuweka alama. Ebu lisome tena hilo kwa mpangilio wake: uso, namba ya serikali, halafu kisanduku. Wamekusanya kwa dakika tano kile ambacho mpelelezi angehitaji miezi kukipata. Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu bado kinasema miaka 14 jela kwa tendo la "kinyume cha maumbile", na Mahakama Kuu ilikataa kukifuta tarehe 24 Mei 2019.

Kichekesho ni kwamba mwaka huohuo wa 2019, mwezi Novemba, nchi ilipata Sheria ya Ulinzi wa Data, na sheria hiyo inataja mwelekeo wa kimapenzi wa mtu, pamoja na afya yake, miongoni mwa taarifa nyeti zinazostahili ulinzi wa pekee. Kwa hiyo ninachokifanya kinaweza kunifunga, lakini habari kwamba nakifanya ni mali yangu na haitakiwi kuvuja. Wanasheria walielewe wanavyolielewa. Mimi nimeamua kuushika upande unaonifaa.

Niliwauliza picha ya uso ni ya nini. Jibu: daktari lazima ajue anamwandikia nani. Sawa, daktari ajue. Lakini kipimo cha kujipima kinauzwa madukani bila mtu kuulizwa hata jina, na pale kwenye kituo chetu cha zamani tulitumia namba za siri kwa miaka na dawa tulipata. Sheria hiyohiyo inasema data inayokusanywa iwe ile tu inayohitajika kwa kazi iliyokusudiwa. Uso wangu na kidevu changu havimezi tembe.

Wapo watakaosema fundi ana wasiwasi mwingi. Kwa ninavyojua mimi, wasiwasi huu una historia. Mwaka 2018 ilibainika kwamba Grindr, ile programu ya kutafutana wanaume, ilikuwa ikiyapa makampuni mengine mawili taarifa za hali ya VVU za watumiaji wake, taarifa ambazo watu waliziandika wenyewe wakidhani wanaambiana wao kwa wao. Januari 2019 wizara ya afya ya Singapore ikatangaza kwamba sajili ya watu 14,200 wenye VVU imewekwa mtandaoni, majina, namba za vitambulisho, simu na anwani. Ile ya Singapore haikuwa kazi ya wadukuzi wenye kofia nyeusi, ilipitia kwa mtu aliyekuwa na ruhusa ya kuifungua.

Na hapa kwetu, Februari 2015, Rais Uhuru Kenyatta alitoa agizo ikusanywe orodha ya watoto wa shule wanaoishi na VVU, walezi wao, na kina mama wajawazito na wanaonyonyesha wenye virusi. Nia ilisemwa kuwa njema, kupanga bajeti. KELIN, shirika linalotetea haki za wenye VVU, na wenzao wakaenda mahakamani, na Desemba 2016 Mahakama Kuu ikaona agizo hilo linavunja haki ya faragha, ikaamuru majina yaliyokwisha kuchukuliwa yageuzwe kuwa alama zisizomtambulisha mtu. Desemba 2025 tena mahakama ikasimamisha kwa muda sehemu ya makubaliano ya afya kati ya Kenya na Marekani inayohusu kuhamisha data za wagonjwa. Tangu SHA, bima mpya ya afya ya serikali, ichukue nafasi ya NHIF ya zamani Oktoba 2024, kila kitu cha afya kinavutwa kuelekea kwenye namba ya kitambulisho. Mtu asiniambie basi kwamba orodha ni jambo dogo.

Lakini hatari ya kila siku haitoki serikalini. Inatoka kwenye kioo cha simu. Wana kawaida ya kukutumia ujumbe wa kukukumbusha dawa. Alasiri moja mamake bi harusi alikuwa ameishika simu yangu akipitia picha za mishono, tumefika kwenye shingo ya gauni, awe wazi mabegani au la, mara ujumbe ukashuka juu ya kioo: "Habari! Usisahau PrEP yako leo." Mama akausoma kwa sauti, herufi kwa herufi. Mimi nilikuwa na pini sita mdomoni.

"Fundi, kumbe una mtoto bweni?"

Nikazitoa pini. Nikasema ni mpwa wangu, yuko kidato cha tatu, shule wanatutumia wazazi ujumbe kuhusu masomo ya usiku.

"Mwambie asome," akasema. "Wa kwangu alikuwa akilala prep nzima, sasa tazama, tunamwoza." Akarudi kwenye shingo ya gauni.

Nimecheka sana nikilisimulia hilo. Rafiki yangu mmoja hakucheka. Yeye anatumia ARV, na hakuna shule ya bweni yenye kitu kinachoitwa hivyo. Ujumbe kama ule ungemkuta ugenini kwa wakwe, ingekuwaje?

Kumbe kuna mahali pa kubadilisha maneno ya ujumbe. Pamefichwa ndani ya mipangilio, chini kabisa, kwa Kiingereza, baada ya ukurasa wa masharti ambao nao ni wa Kiingereza kitupu na mrefu kama hotuba ya bajeti. Muuguzi alinielekeza hatua kwa hatua, na sasa ujumbe wangu unasema tu "Kumbuka miadi." Mtu mmoja aliyekaa ofisini Nairobi angeamua tu kwamba maneno hayo ndiyo yatakuwa ya mwanzo kwa kila mteja, na anayetaka PrEP iandikwe wazi ndiye ahangaike kutafuta mipangilio. Kazi ya asubuhi moja.

Baada ya hapo nikaamua kuyajua yote. Sheria inakupa haki ya kuomba nakala ya data yako, na kanuni za mwaka 2021 zinawapa siku saba kukujibu, bila malipo. Niliandika barua pepe ya mistari minne kwa Kiswahili. Faili ikaja ndani ya muda, nawapongeza kwa hilo. Ilikuwa imefungwa kwa neno la siri, na neno la siri lilikuwa namba yangu ya kitambulisho, ile ile ambayo kila mlinzi wa jengo Mombasa ameiandika kwenye daftari lake la wageni.

Nilifunga duka mapema nikaketi kuisoma. Mazungumzo yote na wauguzi yalikuwamo, neno kwa neno, hata habari za mboga. Picha za kitambulisho. Mahali pa kila mzigo ulipofikishwa, kwa alama za ramani, na ramani hiyo ilionyesha duka langu, nyumba yangu, na nyumba nyingine moja ambayo si yangu, na ambayo mwenyewe hajawahi kujiandikisha kwenye huduma yoyote. Nilituma mzigo huko kwa sababu nilikuwako. Sasa yumo kwenye kumbukumbu za watu asiowajua, bila ridhaa yake, kwa sababu ya mapenzi tu.

Na kwenye sehemu ya maelekezo ya kufikisha mzigo, kijana mmoja wa boda alikuwa ameandika ili mwenzake asipotee: "fundi wa nguo, yule wa madoido".

Maneno sita. Yameandikwa bila chuki, naamini, na sitaki kijana afukuzwe kazi, ni mcheshi na huwa ananisalimia vizuri. Lakini hapo ndipo mwili ulipopata baridi. Matokeo yangu ya kipimo yalikuwa yamelindwa humo kwa tarakimu na alama. Yule wa madoido hakulindwa na chochote, na kila dereva aliyepewa safari ya Mtwapa alimwona. Wanaotutega kwenye programu za kutafutana kisha wakadai pesa wasitangaze picha zetu hawahitaji majibu ya maabara. Wanahitaji mtu wa kuwaonyesha mlango.

Nimewasikiliza wengine pia, kwa sababu mimi nina kitambulisho na simu ya maana, na huduma ilijengwa ikimfikiria mtu kama mimi. Kuna dada mmoja namshonea, mwanamke aliyebadili jinsia, kitambulisho chake bado kinasema mwanamume na picha yake ya zamani ina masharubu. Mfumo uliukataa uso wake. Mashine ilimwambia ajaribu tena penye mwanga wa kutosha. Mwaka 2014 Mahakama Kuu, katika kesi ya Audrey Mbugua, iliamuru baraza la mitihani limpe cheti kisicho na alama ya jinsia, yaani hoja kwamba alama hiyo si lazima imekuwapo nchini muda wote huo, ila haijafika kwa waliochora fomu. Wauguzi walimsaidia kwa njia ya pembeni, kwa mkono, baada ya yeye kulia kwenye simu.

Kuna kijana wa Uganda aliyevuka mpaka baada ya Rais Museveni kutia saini sheria ya Mei 2023 dhidi ya ushoga. Ana karatasi za ukimbizi. Fomu inataka tarakimu za kitambulisho cha Kenya, basi. Amekuwa akitumia PrEP ya mtu mwingine, nusu kwa nusu, jambo ambalo muuguzi yeyote atakuambia halimkingi yeye wala mwenzake. Na kuna kina dada wa usiku wa barabara kuu ya Malindi, wengi wao na simu za kabambe, zile ndogo za vitufe zisizo na WhatsApp. Kwao huduma hii haipo. Walikuwa wakihudumiwa na yule mwelimishaji rika aliyerudi kuuza viazi.

Ndugu zangu wa Tanga na Dar mkiniuliza kama ningewashauri mtumie kitu kama hiki huko kwenu, jibu langu ni la tahadhari zaidi. Serikali yenu ilipiga marufuku usambazaji wa vilainishi mwaka 2016, na Februari 2017 ikafunga vituo vilivyokuwa vikihudumia watu kama sisi. Penye hali hiyo ningependa mtu wa kuaminika kuliko mfumo wa kuaminika. Ukilazimika, tumia laini isiyo ya jina lako la nyumbani kwenye WhatsApp, zima ujumbe usionekane kioo kikiwa kimefungwa, usipelekewe mzigo kwa mtu ambaye hajakubali, na futa mazungumzo kila mara. Hiyo ya kupelekewa mzigo naisema kwa Wakenya pia.

Niliwaandikia tena nikiwapa madai matatu: maneno ya dereva yafutwe, alama za ile nyumba nyingine zifutwe, na picha za kitambulisho zifutwe kwa kuwa daktari amekwisha kunitambua. Msimamizi alinipigia mwenyewe, sauti ya mtu mzima, akaniita "mzee wangu", akaomba radhi. Maneno yamefutwa, na madereva sasa wanaona alama ya ramani na tarakimu tu, hawana tena mahali pa kuandika. Nimelithibitisha kwa yule kijana mcheshi, akanionyesha simu yake akilalamika kwamba sasa anapotea. Ile nyumba nayo imetoka. Mpimaji mwingine angewapa nyota nzima kwa hayo, mimi nimewapa nusu, na ndiyo iliyozifikisha tatu kuwa tatu na nusu.

Kuhusu picha, aliniambia watakaa nazo kwa muda ambao sheria inawataka. Nikamuuliza sheria ipi na muda gani. Akasema atanirudia. Dawa za miezi mitatu zimekwisha kufika, safi, kwenye mfuko wa khaki, nami nazinywa kila usiku baada ya isha. Jibu halijafika. Nimewapa hadi mwisho wa mwezi, na baada ya hapo lalamiko langu linakwenda kwa Kamishna wa Data, ambaye sheria imempa siku 90 kulimaliza. Nimekwisha kuliandika, kwa Kiswahili, na nimewanakili ili wasije wakasema hawakujua.